Simu Sita Katika Mkoba Mmoja

Cadet aliteremka kilima akikokota pikipiki, na kabla hajaingia uani Pelagia Akimana alishajua kumeharibika. Cadet si mtu wa kukokota pikipiki. Yeye huingia kwa kelele, kuku wakitawanyika, akitangaza kwamba mzigo umefika salama kama vile ametoka nao Ulaya. Siku hiyo aliegesha kimya, akavua mkoba begani, akamkabidhi Pelagia kwa mikono miwili kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Zimejifunga zote, dada Pela. Kwanza zilipiga king'ora, zote sita kwa mpigo, kabla hazijatuma kitu. Nikashtuka, pikipiki ikaanguka, mnyororo nao ukakatika. Ng'ombe za watu zimekimbia mpaka sasa sijui ziko wapi."

Pelagia alichomoa simu yake ya kazi. Kioo kilikuwa chekundu, na juu yake maandishi meupe yalisema simu hii imeibiwa, na kwamba aliye nayo afikishwe kituo cha polisi kilicho karibu. Aliye nayo kwa wakati huo alikuwa Pelagia mwenyewe.

"Imeibiwa na nani?" aliuliza.

"Nadhani na mimi," alisema Cadet.

Wenzao wanne waliokuwa barazani waliangua kicheko. Simu zimefungwa, kazi imesimama, nani atalaumu mtu akienda kupalilia maharage yake? Pelagia hakucheka. Ndani ya simu ile kulikuwa na sauti ya bibi Niyomwungere, ambayo Pelagia aliirekodi jana yake, na sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote chini ya jua.

Mambo ya Kitahana, kijiji cha huku Kibondo mpakani, yanataka kuelezwa, maana wakubwa wa Dar es Salaam hawajayaelewa mpaka leo. Ofisi ya shirika iko bondeni, na bondeni mtandao haushuki. Ukitaka kutuma kazi yako unapanda mgongo wa kilima, unakaa kwenye jiwe, unasubiri simu ikubali. Sasa wafanyakazi sita wapande kilima wote, kila wiki, kwenye tope, kwa ajili gani, wakati mmoja mwenye pikipiki anatosha? Kwa hiyo tangu mwanzo walitia simu zote katika mkoba mmoja, Cadet akapanda nazo, zikatuma kazi, akashuka. Utaratibu wa watu wenye akili zao. Hakuna aliyewaambia wakubwa, kwa sababu hakuna mkubwa aliyeuliza.

Lakini makao makuu walikuwa wameweka mtambo mpya. Simu kadhaa za shirika zilipotea mikoa mingine na siri za watu ndani yake, wakubwa wakapata hofu, na hofu ya wakubwa haichelewi kununua kitu. Huko Dar mtu akikaa mezani anaziona simu zote za shirika kama nukta kwenye ramani. Anaweza kuifunga iliyo Kibondo, anaweza kuifuta iliyo Kasulu, bila kunyanyuka kitini. Mtambo ulifundishwa kwamba simu nyingi haziwezi kutembea pamoja isipokuwa zimo katika fuko la mwizi. Tena ule mgongo wa kilima umeelekea Burundi, na simu ikifika pale hupenda kusalimiana na minara ya ng'ambo. Basi kwa macho ya Dar, simu sita za shirika zilikuwa zimekusanywa, zimepakiwa pikipiki, na zimevuka mpaka. Ungekuwa wewe mtambo ungefanyaje?

Hayo yote Pelagia aliyajua baadaye. Wakati ule alijua jambo moja tu, kwamba siku ilikuwa Jumanne, na Consolée, binti wa bibi, anaondoka Ijumaa.

Kazi ya shirika ni kuwaunganisha ndugu waliopotezana njiani wakikimbia vita. Niyomwungere alivuka mto Muragarazi kutoka Burundi akiwa mama kijana mwenye watoto wawili, akatokea ng'ambo na mmoja. Alipewa uraia, akalima mahindi na mihogo Kitahana, akamzika yule mmoja, akazeeka. Yule mwingine, Consolée, alilelewa na watu baki, akarudi kwao Burundi, akakimbia tena ukubwani. Mwaka huu ndipo alipogundulika yuko kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, mwanamke mzima, ana watoto wake, na jina lake limo kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi za mbali. Kibali cha kuja kumwona mama yake kilikuwa bado kimelala kwenye meza ya mtu fulani, na walioko kwenye orodha ya safari walishakatazwa kutoka kambini. Mama naye nyonga ilivunjika wakati wa masika, hapandi pikipiki wala hakai kitako. Nyumbani kwake mtandao hakuna kabisa. Ikabaki sauti.

"Sitaki kutuma salamu," Niyomwungere alimwambia Pelagia siku ile ya kurekodi. "Nataka kuraga."

Pelagia, ambaye babu zake nao walitoka ng'ambo ya mto, hakuhitaji kutafsiriwa. Kuraga ni kutoa wosia, maneno ambayo mzazi humwachia mtoto wanapoachana moja kwa moja. Akaweka simu juu ya kigoda, akabonyeza, akakaa karibu, jicho kwenye kioo kisije kikazima katikati. Bibi alisema mpaka jua likaondoka mlangoni. Pelagia alirudi ofisini moyo mweupe, na kesho yake simu ikaingia mkobani pamoja na za wenzake.

Kuhamishia sauti ile kwenye simu yake mwenyewe hakuweza, mtambo ulizuia. Siri za wateja, walisema.

Baada ya mnyororo kuungwa kwa waya, Cadet alimpandisha Pelagia kilimani, akampa simu yake binafsi. Pelagia akapiga namba iliyoandikwa kwenye kile kioo chekundu. Alipokea binti mwenye sauti ya asali, akajitambulisha kwa jina la Asmahani wa huduma kwa watumishi, Dar es Salaam.

"Pole sana kwa usumbufu, dada yangu. Ili nikusaidie, lazima kwanza nihakikishe ni wewe. Nimekutumia tarakimu za uthibitisho, nisomee."

"Umezituma wapi?"

"Kwenye simu yako ya kazi."

"Simu yangu ya kazi ndiyo iliyofungwa."

"Ndiyo, naiona hapa. Imefungwa. Sasa nisomee zile tarakimu."

Pelagia alieleza tena, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Asmahani alisikiliza kwa adabu zote, akasema anaelewa kabisa, akasema anatuma tarakimu nyingine. Ile simu nyekundu ikatetemeka mkononi mwa Pelagia, ikatulia. Tarakimu zilikuwa zimefika. Zilikuwa mle ndani, zimekaa na bibi Niyomwungere.

"Hebu sikiliza, mdogo wangu," Pelagia alisema, na sauti ilianza kupanda. "Hatujavuka mpaka. Hatujaibiwa. Niko Kitahana, nimekaa juu ya jiwe. Njoo uone."

"Mimi naona uko Burundi, dada."

"Unaniambia mimi niko wapi?"

"Mfumo ndio unaosema, dada yangu, siyo mimi. Nenda ofisi ya Kasulu, mtaalamu wetu akuone uso kwa uso, akithibitisha tutaifungua. Kuna kingine ninachoweza kukusaidia?"

Pelagia alimrudishia Cadet simu yake kabla hajaitupa bondeni. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema kwamba inaweza kuua kuku wa mwenye fimbo.

Jumatano alidamka, akafika Kasulu nguo zimebadilika rangi kwa vumbi. Mtaalamu wa ofisi ile alikuwa Polycarpe, Mkongomani wa Nyarugusu, mpole, anayezishika simu kwa uangalifu kama mayai. Aliigeuza ile nyekundu huku na huku, akatikisa kichwa.

"Iko bloquée ya kweli, ma soeur. Mi siko na droit, ruhusa ya kuifungula. Droit yote iko kule Dar. Mi naweza tu kusema kama ni weye."

"Basi sema kama ni mimi."

Polycarpe alipiga Dar, akaweka sauti nje. Asmahani alikuwa yule yule, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, maskini, kwa sababu leo kila kitu kilikwenda kama mtambo unavyotaka. Polycarpe akathibitisha. Ndiyo, namwona. Ndiyo, ni yeye.

"Kuna sauti humo ndani," Pelagia alisema, ameinamia meza. "Sauti ya mtu. Haijatumwa popote. Ifungue, ila usiguse kilichomo. Umenisikia?"

"Usijali, dada yangu. Kila kilichotumwa kiko salama huku kwetu."

"Nimekwambia hakikutumwa!"

"Nakuelewa kabisa. Nipe dakika."

Walisikia vidole vyake vikigonga. Simu ikazima, ikawaka. Kioo chekundu kilikuwa kimetoweka. Badala yake kulikuwa na anga la buluu na neno moja kubwa, Karibu, na chini yake swali, unataka kutumia lugha gani.

Polycarpe aliweka mkono mdomoni. "Eh, Mungu wangu," alisema. "Ameifuta."

Ndivyo sheria ya mtambo ilivyokuwa. Simu iliyoripotiwa kuibiwa haifunguliwi mpaka imefutwa kwanza, ili siri za watu zisianguke mikononi mwa mwizi. Asmahani alieleza hivyo kwa ufasaha, akaongeza kwamba sasa simu ni mpya kabisa, kama imetoka dukani leo. Pelagia alimpigia kelele. Alimwambia maneno ambayo mama yake hakumfundisha, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, kisha akalia. Alilia kwa hasira. Huzuni ilimkuta baadaye, njiani, alipokuwa anarudi Kibondo na ile simu mpya inamtumia ujumbe akadirie ameridhika kiasi gani na huduma aliyopewa.

Njia nzima alimtukana Asmahani kimoyomoyo. Alimtukana aliyenunua mtambo, aliyeuuza, na minara ya Burundi isiyojua mipaka. Lakini alijipa moyo kwamba bibi yuko hai. Atarekodi tena, na safari hii hatampa Cadet wala mtu, ataibeba simu mwenyewe mpaka Nyarugusu.

Alhamisi Cadet alimfikisha kwa Niyomwungere. Bibi alikuwa amelala ubavu, na sauti yake ilikuwa imepungua kuliko siku ile ya kurekodi. Pelagia alipiga magoti pembeni ya kitanda, akamshika mkono, wakasalimiana kwa Kirundi kama wanavyosalimiana siku zote. Kisha akamwambia yaliyotokea. Akaitoa simu, akaiweka kwenye kigoda.

"Kwa hiyo, mama, naomba tuseme tena."

"Oya," alisema bibi, akikataa kwa kichwa.

"Siyo yote. Hata kidogo tu."

"Mwanangu, kwa baba yangu wosia ulitolewa mara moja. Ukiusema mara mbili, unakuwa umemwambia mtoto kwamba wa kwanza ulikuwa mchezo. Mimi nimeshasema. Nimemaliza. Kama kile kidude kimesahau, si shauri langu."

"Sasa Consolée atasikiaje? Anaondoka kesho!"

"Kwani wewe hukuwepo?" Niyomwungere alimshangaa kweli kweli. "Sikusema na kidude. Nilisema na wewe. Ulikaa hapo hapo ulipokaa. Wosia hubebwa na mtu. Nenda kamwambie."

Hapo maji yakamfika Pelagia shingoni. Alifungua mdomo ili aseme ndiyo, mama, nitamwambia, kwa sababu ndilo jibu jepesi. Akatafuta kichwani japo neno moja la kuanzia. Alikumbuka kwamba betri ilikuwa imebaki robo. Alikumbuka kwamba kila baada ya muda mtambo uliuliza kama bado yupo, naye akagusa kioo kujibu kwamba yupo. Alikumbuka ule mstari mwembamba uliokuwa unapanda na kushuka kila bibi alipovuta pumzi. Maneno hakuyakumbuka. Hakuwa ameyapoteza, la, hakuwahi kuyapokea. Kwa siku tatu alikuwa ameililia sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikiliza, na Asmahani wa watu hakuhusika na hilo hata kidogo.

"Mama," alisema, na aibu ilimwunguza masikio. "Mimi sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Chochote. Nilikuwa naangalia simu isizime. Nilijua yenyewe inasikia, nitakuja kusikiliza baadaye."

Nje, Cadet alikuwa anabishana na jirani juu ya mnyororo. Bibi aliangalia kigoda, akamwangalia Pelagia, akarudi kwenye kigoda.

"Basi siku ile nilikuwa nasema na nani?"

Machozi yalimtoka Pelagia, na safari hii hayakuwa ya hasira. Alingoja kufukuzwa, na moyoni aliona ni haki yake. Bibi alitafuna midomo kama mtu anayepiga hesabu ngumu, halafu akavuta blanketi kifuani.

"Kama hakuna aliyesikia," alisema polepole, "basi bado sijaraga. Mtu hatoi wosia kwa ukuta. Ondoa hicho kitu hapa."

Pelagia aliinuka mbio, akatoka nje, akamtupia Cadet simu bila maelezo. Aliporudi alikaa chini, mikono mitupu magotini, akamtazama bibi machoni. Bibi alianza. Alisema sentensi chache, akakohoa. Akasema tena kidogo, akasimama kupumzika, na kila aliposimama Pelagia aliogopa kwamba hataendelea. Haikuchukua muda. Mara ya kwanza jua lilitembea chumba kizima. Safari hii halikusogea.

"Ni hayo," alisema Niyomwungere, amechoka. "Yale ya kwanza yalikuwa mazuri zaidi. Niliyapanga tangu masika, yakakaa vizuri. Sasa pumzi haitoshi, na mengine yamenikimbia."

"Nisamehe, mama."

"Sema, nisikie kama umeyashika."

Pelagia aliyasema. Bibi alimsahihisha mahali pamoja, akamfanya arudie, kisha akageukia ukutani akalala.

Ijumaa, Nyarugusu. Mabasi yalikuwa yamepangwa, watu wamevaa shingoni mifuko yenye karatasi zao, watoto wamevalishwa masweta kwenye joto. Polycarpe ndiye aliyemwelekeza Pelagia alipo Consolée. Alikuwa mwanamke mrefu, na alivyosimama, mguu mmoja ukipumzika, alifanana na mama yake kiasi kwamba Pelagia alisita kumkaribia. Alipojitambulisha, Consolée alinyoosha mkono, kiganja wazi.

"Wameniambia mama ameniachia sauti. Weka nisikie."

"Sauti haipo," alisema Pelagia kwa Kirundi. "Imefutika. Ila maneno ninayo, amenituma. Njoo tusogee hapa."

Ule mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka. Walisogea nyuma ya basi. Pelagia aliyasema kama alivyopewa, bila kuongeza chumvi.

"Mama anasema hivi. Pale mtoni nilikuwa na mikono miwili tu, na mdogo wako alikuwa mgonjwa. Nikambeba yeye kwa mikono yote miwili. Wewe nilikwambia ushike nguo yangu. Nilipofika ng'ambo, nguo ilikuwa nyepesi. Usijilaumu kwamba uliachia. Ulikuwa mtoto. Ni mimi niliyekupa nguo badala ya mkono. Watoto wako washike mkono. Basi."

Consolée alikuwa ameuma mdomo wa chini. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo, mabega yakipanda na kushuka. Mtu mwenye orodha alianza kuita majina ya basi la mbele.

"Siku zote nilijua ni mimi niliyeachia," alisema. Kisha akainua uso. "Ni hayo tu?"

Pelagia angeweza kusema ni hayo tu, na nani angemshtaki? Angeweza kumsimulia habari za mtambo, na Dar, na simu sita mkobani, na yote yangekuwa kweli.

"Yalikuwa mengi," alisema. "Aliyasema yote, alasiri nzima. Mimi nilikuwa naangalia simu, sikuyasikiliza. Hayo ndiyo aliyoweza kuyarudia."

Consolée alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Pelagia alitamani mtu ampigie kelele. Hakupigiwa. Mwenye orodha aliita jina la Consolée, akaliita tena kwa nguvu, na watoto wakamvuta mama yao sketi. Yeye akashusha mikono, akawashika wote wawili, mmoja huku na mmoja huku.

"Yaseme tena hayo machache," alisema. "Polepole. Watoto nao wasikie."

Pelagia akayasema tena, kuanzia mtoni.